Siwema Arudisha Safari

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo wenyewe huiita Jamhuri ya Upole. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani za huko huchorwa na serikali, na serikali ilishaiweka nchi yake katikati ya dunia, maji pande zote, majirani hakuna. Ni nchi nzuri. Watu wake hawagombani na wakubwa. Ukimkuta mtu amekunja uso, basi ujue jua linampiga machoni.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria moja nzuri mno, Sheria ya Mnunuzi Mtulivu. Ilisema kwamba mtu akiagiza kitu mtandaoni, kikaja kisichofaa, akakirudisha, muuzaji atamrudishia bei ya kitu pamoja na nauli ya kukifikisha. Vyote viwili. Wafadhili waliitaka, Bunge likaipitisha kwa vifijo, na wakubwa wakaipenda hata wakaiweka ndani ya kabati la kioo mlangoni mwa Wizara ya Biashara. Askari mwenye bunduki aliilinda, ili asije akatokea mtu akaitumia ikachakaa.

Lilikuwako pia duka kubwa la mtandaoni, likiitwa Duka la Hewani. Duka hilo halikuwa la Waziri wa Biashara. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Kanyemera, alikuwa amelieleza jambo hilo redioni mara nyingi, hata kabla hajaulizwa. Duka lilikuwa la raia wa kawaida, mama mmoja mchapakazi, ambaye kwa bahati tu aliishi nyumba moja na Waziri, akala naye meza moja, na watoto wa mama huyo walikuwa na pua ya Waziri.

Sasa, katika mji wa Chumvini, mbali kidogo na mji mkuu, aliishi mwanamke aitwaye Siwema Mlanzi, mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, ubarikio, popote palipohitajika pilau la kulisha ukoo mzima, Siwema na wenzake waliitwa. Walikuwa kikundi cha wanawake waliozoeana kwa moshi na matusi ya utani, na walikuwa na shida moja tu: sufuria kubwa hawakuwa nalo. Kila shughuli walikodi kwa tajiri mmoja wa mtaa wa pili, naye alikuwa akichukua sehemu nono ya ujira wao kwa kazi ya kukaa barazani akitazama.

Wakachanga. Tatu Gombeka, aliyekuwa rafiki wa Siwema tangu wote wawili wakiwa wasichana, alitaka waende kwa mafundi wa bati pale sokoni. Siwema akakataa. Alikuwa ameona picha kwenye simu. Sufuria linang'aa, masikio yake manene, na kando yake amesimama bwana mmoja aliyevaa suti, sufuria likimfikia kifuani. Bei yake ilikuwa ya kutupa.

"Shoga, bei hii inanitia wasiwasi," Tatu alisema.

"Wewe kila kitu kinakutia wasiwasi. Hata bamia."

Nauli ya kulifikisha ndiyo iliyokuwa kubwa. Duka la Hewani lilieleza kwamba mzigo wa namna hiyo unahitaji lori la peke yake, wapagazi na kamba za meli. Nauli ilizidi bei ya sufuria mara kadhaa, ikamaliza mchango wote, pamoja na akiba ya kuni na mchele wa msimu wa harusi. Siwema akalipa. Alimwambia kila mmoja kwa mdomo wake mwenyewe: likiharibika, mje kwangu.

Lori likaja kweli. Lilikuwa kubwa, likapiga honi mtaa mzima ukatoka. Wapagazi walishuka, wakafungua mlango wa nyuma, wakaingia, wakakaa humo kitambo. Kisha akatoka mmoja ameshika sufuria kwa kidole. Lilikuwa la kutosha uji wa mtoto asiyependa uji.

Siwema alipiga simu dukani. Sauti laini ikamjibu kwamba bidhaa inalingana kabisa na picha. Je, mteja aliwahi kuuliza urefu wa yule bwana wa kwenye picha? Bwana yule alikuwa mwanasesere.

Lakini Duka la Hewani halikuwa na roho mbaya. Lilichukua sufuria lake palepale, lori likaondoka nalo, na bei ikarudi kwenye simu ya Siwema kabla vumbi halijatulia. Bei tu. Nauli haikurudi. Hapo ndipo Siwema, akiwa amesimama katikati ya wenzake ambao hakuna aliyemtazama usoni, alipoelewa biashara ya duka lile. Kuuza sufuria hawakuwa wakiuza. Walikuwa wakiuza malori kwenda na kurudi.

Tatu hakumlaumu. Angemlaumu, Siwema angepata nafuu. Tatu alisema tu, "Jumamosi tuna harusi kwa kina Mzee Pembe. Nitakwenda kuzungumza na yule tajiri wa sufuria." Siwema aliingia ndani, akajifungia, akalia kwa hasira mpaka kanga ikalowa. Kisha akanawa uso na kupanda gari kwenda mji mkuu.

*

Malalamiko ya wanunuzi katika Jamhuri ya Upole hushughulikiwa na Idara ya Kuridhika. Mkurugenzi wake, Bwana Kasimbazi, alikuwa mtu mwenye adabu. Alimkaribisha Siwema kiti, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mama, umeonewa," alisema. "Sheria iko upande wako. Nauli yako ni haki yako."

Siwema akashusha pumzi.

"Sasa tusaidiane. Sufuria ulilirudisha?"

"Nimelirudisha."

"Ndiyo maana ukarudishiwa bei ya sufuria. Na safari je?"

"Safari gani, baba?"

"Safari ya lori, kutoka ghala la Duka la Hewani hapa mji mkuu mpaka Chumvini. Ile uliyoilipia nauli. Umeirudisha?"

Siwema alimtazama kuona kama anatania. Bwana Kasimbazi hakuwa akitania. Alikuwa ameegemea mbele kama daktari anayemweleza mgonjwa ukweli.

"Sheria inasema mteja arudishe kwanza, ndipo arudishiwe. Wewe umerudisha kitu, umebaki na safari. Uko nayo Chumvini, unaitumia. Mwenye duka naye ni binadamu, mama. Akurudishie nauli, halafu safari yake ubaki nayo?"

"Na safari inarudishwaje?"

"Nzima," alisema Bwana Kasimbazi kwa upole. "Kama ilivyokuja. Ukituletea safari nzima, kama ilivyokuja, mimi mwenyewe nitaipokea pale ghalani kwa mikono yangu, na utalipwa. Neno langu hilo. Mpaka leo, kwa bahati mbaya, hakuna mteja hata mmoja aliyeweza."

Akamsindikiza hadi mlangoni, akamtakia heri. Nyuma yake makarani walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika.

Ni yale mabega. Siwema angeweza kuumeza upuuzi wa mkurugenzi, maana alikuwa mtu mzima na alishawahi kumeza mengi. Yale mabega yaliyotikisika yalimkaa kooni njia nzima ya kurudi nyumbani.

*

"Wametaka safari," aliwaambia wenzake, "tutawapelekea safari."

Walikuwa uani kwa Mzee Pembe wakimenya vitunguu, kando ya sufuria la kukodi. Walidhani ameanza kuchanganyikiwa, na mmoja akamwekea mkono kwenye paji la uso.

"Tutembee mpaka ghalani?" aliuliza Tatu. "Hayo ni maandamano. Tutalala ndani wote."

"Tukitembea hivihivi, hiyo itakuwa safari yetu. Ya kwao ilikuja imeelekea Chumvini. Irudi kama ilivyokuja, uso Chumvini, mgongo mji mkuu. Tunarudi kinyumenyume."

Tatu Gombeka akaweka kisu chini. Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kucheka, machozi yakiwa bado mashavuni, alisema, "Haki ya Mungu, nakuja."

Siku waliyoondoka Siwema hakuwa na ujasiri wowote. Alisimama kwenye barabara kuu, mgongo wake umeelekea asikokuona, akawatazama watu wa mtaa wake waliotoka kushangaa, akapiga hatua ya kwanza ya nyuma. Mtu mmoja akapiga mluzi wa dhihaka. Akapiga ya pili. Wanawake wengine wakafuata, au tuseme wakatangulia, maana katika mwendo ule ilikuwa vigumu kusema nani yuko wapi. Walishikana viuno, mmoja akageuza shingo kuangalia mashimo na kuwaambia wenzake.

Ni mwendo wa taabu. Visigino huuma, kiuno hukakamaa, na mtu huona tu pale alipotoka, pakizidi kuwa mbali. Lakini una faida moja ambayo Siwema hakuitegemea. Kila waliyempita walitazamana naye. Mtu anayekwenda mbele huwaacha watu nyuma yake bila kujua wamefanya nini. Siwema aliwaona wote, jinsi walivyocheka kwanza, wakaulizana, kisha kicheko kikawakauka, na mmoja wao akaingia ndani kutafuta viatu.

Kila nyumba ilikuwa na safari ya Duka la Hewani. Akaja kinyozi aliyeagiza viatu vikaja vyote vya mguu wa kushoto. Akaja mwalimu aliyeagiza ng'ombe wa maziwa akaletewa picha ya ng'ombe, kwa lori la ng'ombe, akatozwa hata bei ya majani ya kula njiani. Wakaja maharusi walioletewa kitanda cha mtu mmoja na ushauri. Wote walikuwa wamerudishiwa bei zao kwa wakati, na wote walikuwa wameambiwa warudishe safari. Wakageuka, wakaunga mstari.

Waziri alihutubia taifa siku ileile.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "tangu uhuru nchi hii imekuwa ikisonga mbele. Leo kuna kikundi kinachorudi nyuma. Nasema hadharani, kurudi nyuma ni kuturudisha nyuma! Serikali yenu sikivu haitakubali maendeleo yaonyeshwe kisogo!"

Hotuba ilirudiwa kutwa, pamoja na muziki. Kinyozi alikuwa na redio ndogo mfukoni, nao wakapata mdundo wa kutembelea.

*

Kwenye daraja waliwakuta askari wamejipanga na virungu. Au tuseme askari waliwakuta migongo. Kamanda wao, Afande Ngwale, alilazimika kuwazunguka ili aongee nao ana kwa ana.

"Simama! Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi, afande," alijibu Siwema. "Tunarudi." Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Mnarudi wapi?"

"Ghalani kwa Duka la Hewani."

"Mbona mnatazama kule?"

"Ndiko safari ilikokuwa imeelekea. Mkurugenzi wa Kuridhika ametuagiza tuirudishe kama ilivyokuja. Mpigie simu, umwulize."

Afande Ngwale alikuwa askari mwenye kuheshimu sheria, na Sheria ya Maandamano aliijua kwa moyo. Ilikataza kundi la watu kusonga mbele kwa nia moja bila kibali. Aliwatazama. Nia moja walikuwa nayo. Kusonga mbele hawakusonga.

"Basi geukeni mrudi makwenu!" akaamuru.

"Tukirudi makwetu tutakuwa tunakwenda mbele," alisema Siwema. "Una kibali chetu?"

Afande akapiga simu kwa mkubwa wake, mkubwa akapiga kwa mkubwa, na wakati wakubwa wakipigiana, jua lilikuwa linawachoma wote bila ubaguzi. Virungu vilikuwa vimewakaribia sana wanawake wa mstari wa nyuma, ambao ndio walikuwa mbele. Siwema aliona mkono wa Tatu ukimtafuta, akaushika. Ulikuwa umelowa jasho.

"Wakitupiga?" Tatu alinong'ona.

"Watatupiga. Tukiamka tutarudi nyuma."

Hatimaye simu ikalia. Afande akasikiliza, akasema "ndiyo mzee" mara nyingi, akairudisha mfukoni.

"Wakubwa wanasema nitumie busara," aliwaambia askari wake, na uso wake ulionyesha kwamba hakuna amri aliyoiogopa zaidi ya hiyo katika utumishi wake wote. Akakaa pembeni. "Wapiteni. Yaani, waacheni wawapite."

*

Walilala kwenye uwanja wa shule, na kesho yake wakafika ghalani wakiwa umati ambao mwisho wake haukuonekana. Bwana Kasimbazi alikuwako. Neno lake alilitoa mbele ya makarani, na sasa nusu ya mji ilikuwa juu ya kuta na mapaa kuangalia akilitimiza.

Siwema aligusa lango la ghala kwa kisigino. Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuona alikokuwa akienda.

"Safari yenu hiyo," alisema. "Nzima."

Bwana Kasimbazi akawazunguka kwa makini, kama anayekagua gari la mtumba.

"Imerudi na vumbi," alisema.

"Vumbi ni la barabara yenu. Hata lori lilikuja nalo."

"Na imerudi na watu wengi kuliko ilivyoondoka."

"Hao ni safari zenu nyingine. Zipokee nazo."

Mkurugenzi akafuta jasho. Alisema atawasiliana, akapotelea ofisini. Umati ukakaa chini mbele ya lango. Ndani ya ghala malori yaliyopakiwa yakaanza kupiga honi, maana njia ya kutokea haikuwepo.

Serikali ya Upole haishindwi na jambo. Saa chache baadaye likajengwa jukwaa, likaja zulia, bendi ya polisi na vipaza sauti vya redio ya taifa, na Waziri Kanyemera akashuka kwenye gari amevaa tabasamu. Kabla hajapanda jukwaani, afisa wa itifaki alimvuta Siwema kando.

"Mama, hongera. Mheshimiwa ameguswa. Utapewa zawadi, na ni nono, inazidi hata hiyo nauli yako. Wewe utapokea kwa mikono miwili, utapiga goti kidogo, utasema: naishukuru serikali yangu sikivu kwa zawadi hii. Basi. Wenzako watapiga vigelegele, bendi itapiga, mnapandishwa basi, mnarudi nyumbani."

"Na hawa wengine?"

"Hawa wengine watakuwa wamefurahi kwa ajili yako."

Siwema aliiona bahasha. Ilikuwa imetuna. Aliwaza mafundi wa bati, akawaza uso wa yule tajiri wa sufuria siku watakapompita bila salamu. Aliitaka ile bahasha kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, wala hakujidanganya kwamba haitaki. Alimtazama Tatu. Tatu alikuwa amevua viatu, visigino vimechubuka, damu imeganda.

"Sema utakalosema," Tatu alimwambia. "Mimi sikutembea hivi kwa ajili ya bahasha."

Siwema akaitwa. Akapanda. Waziri alizungumza kwanza, kuhusu ukarimu, kuhusu moyo wa baba kwa wanawe, kuhusu mataifa mengine yanayokosa baba. Akanyoosha bahasha. Kamera zikasogea. Siwema akaipokea kwa mkono mmoja, akaegemea kipaza sauti.

"Sishukuru," alisema.

Mtu wa bendi alidondosha kijiti cha ngoma.

"Hii mnayoita zawadi ni nauli yangu. Mlikuwa mmeishika, mmeirudisha. Iliyozidi chukueni, sikuwadai." Akachomoa pesa ya ziada, akaiweka mezani mbele ya Waziri. "Na hawa wote waliokaa hapo wana nauli zao humo ndani. Mkishawapa na wao, tutaondoka. Kushukuru, hapana. Mtu akikukanyaga kisha akaondoa mguu, unamshukuru?"

Waziri akageukia umati, akainua mikono kuomba vigelegele. Wanawake wa Chumvini, ambao vigelegele vyao husikika mitaa mitatu, wakafunga midomo. Afisa wa itifaki akaiashiria bendi, bendi ikapiga wimbo wa shangwe. Hakuna aliyetikisa hata bega. Wimbo uliendelea peke yake kitambo, ukaona haya, ukanyamaza.

Ndipo mlango wa ghala ukafunguliwa kwa kishindo, akatoka yule mama mchapakazi, raia wa kawaida, mwenye Duka la Hewani. Malori yake yalikuwa yamekwama tangu asubuhi na subira ilikuwa imemwisha. Alipanda jukwaani bila kualikwa, akasimama mbele ya kipaza sauti cha taifa.

"Baba Koku!" alimfokea Waziri. "Mpaka lini? Walipe hawa watu watoke mlangoni kwangu! Na leo usije ukarudi nyumbani kwangu ukiulizia chakula!"

Jamhuri nzima ilisikia. Inasemekana hata askari wa kabati la kioo, kule Wizarani, alicheka mpaka bunduki ikamponyoka.

*

Walilipwa mmoja baada ya mwingine, palepale langoni, na Bwana Kasimbazi mwenyewe, kwa mikono yake. Ilichukua mpaka jioni, na Siwema hakuondoka mpaka yule kinyozi, wa mwisho kwenye mstari, alipohesabu ya kwake. Waziri alihamishiwa wizara nyingine, ile ya Familia. Serikali ikatangaza kwamba kurudisha nauli pamoja na bei lilikuwa wazo lake tangu zamani, na ikatenga siku moja kila mwaka ya wananchi kuishukuru.

Kikundi cha Chumvini kilitengenezewa sufuria na mafundi wa sokoni, la kumfikia mtu kifuani, mtu wa kweli. Lakini huko juu jambo la Siwema halijafungwa. Faili haliwezi kufungwa bila shukrani, ndivyo utaratibu ulivyo. Kwa hiyo kila baada ya muda afisa hutumwa Chumvini, akiwa na kinasa sauti, kuuliza kama mama ameshashukuru. Siwema humkaribisha vizuri. Humpa kiti, humpakulia sahani ya pilau, humwacha ale ashibe.

Kisha humwambia, "Bado."